Eda Iliyopita Bila Mie

Baba Zuwena, mume wangu,

Salamu nakuwekea mwisho, maana nna hasira na wewe. Tangu lini mtu akafa, mkewe akaja kujua baada ya miezi mitano?

Nakwandikia kutoka Maskati, kwa hizi herufi zangu za chuo cha Kurani ulizokuwa ukizicheka. "Kuku kapita na wino," ukisema. Haya, cheka basi.

Unakumbuka uliponipeleka Usambara kuliona duka lako? Tulishuka gari la moshi Mombo, tukapanda lori la chumvi, mie na buibui langu, natapika kila kona. Ukungu ukatuingia mpaka kwenye meno. Huku chai, kule chai, mlima mzima kama kichwa kilichotoka kwa kinyozi. Ukachuma jani ukanipa.

"Tafuna."

"Mie mbuzi?"

Nikatafuna. Chungu! Ukacheka mpaka kofia ikakuanguka.

Pale kwenye maporomoko ya Soni ukataka tuvuke juu ya mawe. "Nipe mkono, bibi weye." Nikakataa; mie sishikwi mkono kama mtoto. Ukavuka peke yako, ukungu ukakumeza. Nikakuita. Maji yananguruma, sisikii kitu. Nikaita tena, ndipo ukajibu, "Nipo!" Kumbe ulinyamaza kusudi. Nilikutukana mpaka Bumbuli.

Tulipokuwa tunahama Unguja kuja huku Maskati, uliniletea khabari kutoka dukani: panda kwanza huku juu, tuondoke pamoja. Nikakujibu, lori lile sipandi tena, wewe ndiye ushuke. Nikatangulia na Zuwena. Kiburi changu, najua, usinambie.

Huku ukungu hakuna. Majabali na jua tu, na maji ya kisima yanayoletwa na punda. Kila asubuhi nikiwaambia wajukuu, babu yenu yuko kwenye baridi, anakuja.

Wiki iliyopita akaja mtu wa Tanga na barua ya jirani yako wa duka. Kifua kilikubana siku tatu, wakakuzika huko huko mlimani. Nikamwambia Zuwena anitolee nguo zangu kuukuu, nikae eda. Akaenda kwanza kumuuliza shekhe, akarudi kainamisha uso.

"Mama, eda huhesabiwa tangu siku aliyokufa. Miezi minne na siku kumi ishapita. Yako imekwisha."

"Imekwisha vipi, na mie sijaianza?"

"Ndiyo sheria, mama."

Na siku hizo za eda unajua nilikuwa wapi? Matrah, mji wa jirani, harusini! Nimejifukiza udi, nimetia hina, napiga vigelegele kuliko mama wa bibi harusi. Wewe uko udongoni, mie kizuka wako, mjane wa kukaa ndani, nacheza ngoma.

Sheria sibishani nayo. Lakini hina ya harusi ile bado iko kuchani, imefika nusu, na kila nikishika kalamu inanitazama. Basi udi sifukizi, harusini siendi, mpaka kucha ya mwisho itoke nyeupe. Hiyo ndiyo eda yangu. Ihesabu huko uliko.

Salamu yako hii hapa: Mwenyezi Mungu akulaze pema, mbishi wee. Kaburi lako sitaliona, nitakuita kutoka huku huku kwenye majabali. Nami nikikuita, safari hii usinyamaze kusudi.

Ni mie mkeo, niliyekunyima mkono,
Mama Zuwena