Sehemu Mpya ya Makaburi

Jumanne, 7 Januari

Asubuhi kama jana. Uji, vidonge, kumgeuza upande. Nathan kanywa kidogo, kisha akafumba mdomo kama mtoto. Nimebadilisha shuka. Nesi kaongeza dawa ya maumivu na hakuniangalia usoni. Najua maana yake.

Theluji imejaa kwenye ngazi. Sijaizoa. Nimechoka.

Mchana alipata nafuu akataka tuongee habari ya kaburi. Nikamwambia bado. Akasema, "Bado mpaka lini, mama Leila?" Kiswahili chake hakijachuja tangu alipokuwa anachimba visima Tanga. Nilienda jikoni nikafungua bomba nisisikie kitu.

Alhamisi, 9 Januari

Rabi Dina, kiongozi wa sinagogi ya Nathan, kaja kumwona. Mwanamke mwema, mdogo kwangu kwa umri. Wakati anaondoka nikamshika mkono, nikamuuliza waziwazi: mimi na mume wangu tunaweza kuzikwa pamoja?

Akavua tena glavu zake.

Halafu akaeleza. Makaburi ya sinagogi yana kanuni ya tangu wazee walipoinunua ardhi ile. Wayahudi peke yao. Mimi Mwislamu. Miaka yote hii naimba kwenye kwaya yao, Kiebrania nakijua kwa moyo. Sikukuu zao nimewapikia samaki wa nazi, wanagombania sufuria. Binti yangu kasomea kwao dini. Lakini ardhini, Mwislamu.

Rabi akalia. Mimi sikulia. Nilikasirika kwamba mtu mwingine analia nyumbani kwangu.

Pale kwao ukumbini, ukutani, imeandikwa misingi ya jumuiya. Haki. Ukarimu kwa mgeni. Uhuru wa kuuliza. Wa mwisho: kila familia ni familia kamili. Huo ni wa Nathan. Alikuwa kwenye kamati, akaupigania mpaka wakachoka naye. Kwa ajili yangu na Leila.

Rabi ataitisha mkutano wa wanachama wote. Amesema misingi ile si rangi ya ukutani. Tutaona.

Jumatatu, 13 Januari

Da Shamim kaja na biriani kutoka Etobicoke, upande wa pili wa jiji. Khoja wa Dar, mpole, na ndiye pekee kati ya Waislamu wenzangu ambaye hakunitupa. Alikaa na Nathan nikapata kuoga vizuri.

Wakati wa kuondoka aliniuliza, "Na wewe mwenyewe, mdogo wangu? Siku yako ikifika?"

Kaka yangu alisema siku ile niliyoolewa na Myahudi kwamba Tanga sina kwetu tena. Msikitini hapa watanizika, labda, baada ya kunijadili. Nilimwambia Shamim sina pa kulala. Nilisema kama utani. Lilipotoka mdomoni halikuwa utani.

Jumapili, 19 Januari

Mkutano. Leila kabaki na baba yake.

Ukumbi ulijaa. Niliongea kwa kifupi. Nilisema sitaki kubadili dini ili nipate shimo, na Nathan hajawahi kunitaka nibadili. Wakapiga makofi.

Kisha akasimama mzee Saul, mkononi kamba ya mbwa wake aliyemwacha nje. Anapinga. Alisema babu na bibi zake wote hawana kaburi duniani, waliuawa na hakuna ajuaye walipotupwa. Alisema pale makaburini ndipo mahali pekee ambapo hajawahi kujieleza kwa mtu. Hakupaza sauti. Wengine waliguna. Mimi nilimwelewa kuliko wale walionipigia makofi, na hilo limeniuma.

Mwisho wakaafikiana. Sehemu ya zamani ibaki ilivyo. Ng'ambo ya barabara ya ndani ya makaburi, ifunguliwe sehemu mpya kwa familia zilizochanganyika. Mikono ikanyanyuka, mingi sana. Wakaimba. Nikakumbatiwa na watu nisiowajua majina. Msichana mmoja akaniambia nimeipa uhai misingi yao.

Nilifurahi. Naandika ili nikumbuke kwamba leo nilifurahi.

Jumatatu, 20 Januari

Nimemwambia Nathan. Kila kitu, hata habari ya mbwa. Nikasema tutalala pamoja.

Akatabasamu. "Vizuri. Itawasaidia watu."

Watu.

"Na sisi?" nikamuuliza.

Akageuza uso dirishani. "Nataka kulala karibu na mzee."

Baba yake na mama yake wako sehemu ya zamani. Wale ambao hawakuja harusini.

Nilitoka nje bila koti. Nikasimama kwenye ngazi mpaka masikio yakauma. Kumbe kinachotutenga si mkutano. Kumbe kanuni siyo. Ni yeye.

Ijumaa, 24 Januari

Siku nne sijasema naye isipokuwa fungua mdomo, inua mkono. Namwosha kwa hasira. Taratibu, lakini kwa hasira. Anajua.

Watu wa sinagogi wanaleta supu na pongezi. Napokea vyote viwili. Siwezi kuwaambia.

Leo nikashindwa. Nilikuwa namfuta mgongo, mifupa mitupu. Nikasema, "Ule msingi uliupigania wa nini, Nathan? Kila familia ni familia kamili. Ulikuwa wa nani?"

Nikadhani amelala.

"Niliuamini. Bado nauamini." Kisha, "Lakini naogopa, Zuhura. Nikifikiria niko na baba, naogopa kidogo."

"Na ukifikiria uko na mimi?"

"Nakufikiria wewe uko hai."

Nilimfuta mpaka akakauka. Nikamvalisha fulana. Hakuna la kugombana na mtu anayeogopa. Ningependa kubaki na hasira. Imekwisha, na iliyokuja badala yake ni mbaya zaidi.

Kabla Sabato yao haijaingia nilimpigia Rabi. Nikasema sehemu ya zamani, kwa wazazi wake. Akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikasema ndiyo matakwa yake. Sauti yangu ilikuwa ya karani.

Jumatano, 29 Januari

Amefariki asubuhi. Leila alikuwa ameshika miguu, mimi kichwa.

Alhamisi, 30 Januari

Tumezika. Wao hawacheleweshi, kama sisi. Sanda nyeupe, kama sisi. Sanduku la mbao zisizo na rangi wala nakshi.

Barafu kila mahali. Mzee Saul alikuja akanipa mkono wake nishike. Tuliteleza pamoja.

Desturi yao udongo wa kwanza unatupwa kwa mgongo wa beleshi, kuonyesha huna haraka. Nilitupa. Ulitoa sauti kwenye mbao. Upande mmoja baba yake, upande wa pili mama yake. Kijisehemu alicholala kimembana.

Nilitafuta kwa macho hata nafasi ya mtoto. Haipo.

Jumatano, 5 Februari

Matanga yao yamekwisha. Wiki nzima nyumba imejaa watu, viti vifupi, vioo vimefunikwa. Leo asubuhi Rabi akasema niinuke. Desturi ni kutoka nje na kuzunguka mtaa mara moja, kisha unarudi kwa walio hai. Tumezunguka, mimi na Leila. Yeye ananisemesha kwa Kiingereza, namjibu kwa Kiswahili, kama kawaida yetu.

Nyumbani nikamkuta Da Shamim na kanga mpya. Kanikumbusha eda. Kwa wale matanga yamekwisha, kwake ndiyo kwanza nimeanza kukaa. Nimeshindwa kumpendeza yeyote. Nimejifunga kanga nikaosha vikombe.

Sijui narudi kwa walio hai gani.

Jumapili, 16 Februari

Rabi aliuliza kama niandikwe sehemu mpya. Nitakuwa wa kwanza. Nikasema ngoja nipaone.

Leila kaendesha. Tulianza kwa Nathan. Udongo umeshuka kidogo, jiwe bado. Nilimsomea Fatiha, kwa sauti ya chini, sikumwomba mtu ruhusa.

Kisha tukavuka barabara. Uwanja mtupu, mweupe, vigingi kwenye pembe. Hakuna hata alama moja ya mguu. Nilisimama pale ambapo ningelala. Nikageuka kutazama kwake. Kuna mstari wa miti ya misonobari katikati, haonekani.

Leila akaniuliza kama nasikia baridi.

Nikamwambia ndiyo. Tulikaa tena kidogo, halafu tukarudi garini.