Siku ya Rutuba

Mzee mwenzangu, leo nimeaibishwa sebuleni mwangu.

Nilikuwa nimemkalisha mwanangu, nikimkemea kwa kunicheleweshea mjukuu wa nne. Simu yake ikalia. Nikasoma ukumbusho kwenye kioo chake: "Leo ni siku ya rutuba."

Nikamuuliza: "Rutuba! Umenunua shamba wapi, nawe jembe hujawahi kulishika?"

Mkewe akadakia kutoka mlangoni: "Baba, shamba ni mimi. Yai limepevuka leo, halisubiri hotuba, na mkulima umemshikilia tangu asubuhi!"

Shamba ni mimi! Ananiambia mimi, baba mkwe wake!

Kumbe siku hizi hata mimba huitishwa kwa simu, kama kikao cha bodi.

Shamba ni yeye, mzee mwenzangu!

Hata hivyo, nimeketi getini nikiwarudisha wageni. Nawe usithubutu kuja leo.