Kopo la Mistari Minne

Kaka Dominiki,

Uani wanasema uliacha bomu chini ya kitanda. Wanasema hivyo mbele yangu, wakichota maji, na mimi nachota yangu naingia ndani. Jumapili iliyopita Mama hakuja makaburini baada ya misa, umeona mwenyewe. Na hii inayokuja ameshasema haji. "Nikamwambie nini?" alisema. Ulipokuwa hai hakuwahi kukununia hata siku moja. Sasa amekununia uko kaburini, na wa kununiwa ni mimi.

Ngoja nianze vizuri. Ulikuwa ukiniambia naongea kama bomba la Kariakoo, likitoka linatoka lote, likikatika basi.

Jumanne ya wiki iliyopita Mama aliamua kusafisha chumba chako. Arobaini imepita, na mwenye nyumba anauliza kama tunakiachia. Chini ya kitanda akakuta ile ndoo yako ya mchanga mkavu, na kopo. Unajua mafuta ya taa yalivyoadimika. Foleni ya duka la ushirika inaanza alfajiri, na ukifika mbele unaambiwa yamekwisha. Mama akafungua kopo, akanusa, akamshukuru Mungu, akayamimina yote kwenye jiko la utambi. Alidhani umemwachia zawadi. Sikia hiyo, Kaka. Zawadi!

Nimerudi shule saa tisa, mvua inanyesha, namkuta amechutama mlangoni kwako. Mkononi ana kopo, ndani mna vile vipande vyako vya metali vimeota ukoko wa manjano, na mbele yake kuna beseni la maji. Alitaka kuvisuuza avipange kabatini kando ya picha yako. Hakujua ni nini. Alijua tu vilikuwa vyako.

Karatasi ya jina ilishabanduka kwa mafuta, ndiyo maana ulikwangua mistari kwenye mfuniko kwa msumari. Mfuniko ulikuwa sakafuni. Nikahesabu. Mitatu ingekuwa sodiamu. Ilikuwa minne.

Unakumbuka foleni ya sukari? Nilikuwa nalia kwamba nimekariri jedwali zima la elementi na bado nimefeli jaribio. Ukasema, "Acha kukariri, Feli. Tazama watu." Ukanionyesha yule wa mbele kabisa, amekumbatia kaunta, muuzaji anamwona uso kwa uso, hata ukimwambia nyumba yake inaungua, habanduki. Halafu ukanigeuza nimtazame wa mwisho. Mbele yake migongo mitupu. Muuzaji hamwoni, wala yeye hamwoni muuzaji. Ukimpigia mluzi tu, huyo, ameondoka. Ukasema ndiyo elektroni ya nje. Lithiamu ina matabaka mawili ya elektroni, sodiamu matatu, potasiamu manne, na kadiri unavyoshuka ndivyo kiini kinavyoshindwa kumshika mtu wake wa mwisho. Na maji ndiyo yanayopiga mluzi.

Nikakuuliza, na klorini? Ukasema huyo anatafuta mmoja tu kwa udi na uvumba, na sodiamu anaye mmoja wa kuachia. Akimwachia, wanashikana, wanakuwa chumvi, Mama anatia kwenye mchicha. Mzee aliyekuwa mbele yetu akageuka: "Mwalimu, na hiyo sukari tunayoingojea je?" Ukamjibu bila kucheka, "Mzee, kwenye sukari hakuna anayemwachia mwenzake. Elektroni wanazimiliki pamoja, kijamaa." Foleni nzima ilivunjika mbavu. Siku ile sukari iliisha kabla hatujafika, na mimi nilikuwa nimeelewa.

Basi Jumanne nikapiga ukelele. "Mama, usitie maji!"

Akashtuka. Akainuka na kopo lake, macho makali. "Unanifokea mimi, Felista?" Akasimama palepale bati linapovuja. Kaka, niliona tone likivimba pale juu. Nililiona.

Likaanguka moja. Moja tu. Pakalia pa! Moto wa zambarau ukaruka, na mafuta kidogo yaliyogandia kwenye vipande yakashika. Mama akalitupa kopo ukutani, namshukuru Mungu halikuangukia beseni. Nikaivuta ndoo yako nikaumwaga mchanga wote juu yake. Watoto wa uani walikuwa wamejazana mlangoni. Niliwafukuza kwa maneno ambayo usingependa kuyasikia.

Nilikimbia mpaka Upanga kwa Mwalimu Nirmala, mwenzako wa kemia. Nilikatisha Mnazi Mmoja viatu mkononi, kila hatua nikisema mvua isizidi, mvua isizidi, bati lile halifai. Alikuja na gari la mumewe. Akatutoa wote nje, akaviokota mwenyewe kwa koleo, kimoja kimoja, bila kuvikwangua, akavitia kwenye mafuta aliyokuja nayo. Mikono yake ilikuwa imetulia.

Akaniuliza, "Nani alikufundisha mchanga?" Nikamwambia wewe. Akavua miwani akaifuta, akaifuta tena.

Kisha akasema, na uani wote walikuwa wanasikiliza: "Lakini Dominiki aliahidi kuniletea kopo hili tuliteketeze. Kwa nini hakuleta?"

Mama akainama akautazama mkono wake wa kulia, ule wa kugeuzia vitumbua, umeungua kuanzia vidoleni mpaka kwenye kifundo. Akasema, "Dominiki. Dominiki." Si vile alivyokuwa akikuita. Hakuna aliyenitazama. Ningeweza kusema palepale, na sikusema.

Wewe unajua kwa nini hukuleta. Alhamisi ile wodini ulinishika mkono, homa imekupanda, mkono wako wa moto kama pasi. "Feli, kopo la mistari minne. Nililileta nyumbani kwa sababu stoo ya shule inavuja. Limeota manjano, linaweza kulipuka. Lipeleke kwa Nirmala kesho. Usilikwangue, usilipe maji." Nikasema ndiyo. Ukarudia. Nikasema ndiyo. Ukarudia mara ya tatu na mimi nikakukatiza: "Kaka, nimesikia!" Kwa hasira. Nilikuwa nimechoka, nilikuwa naogopa. Jumamosi ulikuwa umeondoka, na hilo ndilo neno langu la mwisho kwako.

Sikusahau. Laiti ningekuwa nimesahau. Kila siku nilifika mlangoni kwako nikageuka. Nilijiambia nikitoa kopo, kesho zitatoka nguo, keshokutwa kitanda, halafu utakuwa hukuwahi kukaa humu. Siku arobaini nzima, Kaka. Nililiacha Mama alikute.

Sasa vitumbua nageuza mimi kabla ya shule. Nusu vinaungua. Mama anauza hivyohivyo, akiulizwa mkono umefanyaje anasema, "Ni mwanangu, marehemu." Watu wanatikisa kichwa. Wewe uliyekagua fundo la kamba ya ndoo kisimani kabla mtoto hajaishika, leo ndiwe mzembe wa mtaa.

Nisamehe. Kemia nitaendelea nayo kidato cha tano wakinipa nafasi, na kila kopo nitakalokabidhiwa nitalifikisha siku hiyohiyo. Naahidi. Lakini kuna jambo linatangulia.

Kutoka dirishani namwona Mama uani, anachambua mchele kwa mkono wa kushoto. Wamekaa naye mama watatu wa nyumba hii, walewale wa bomu. Sitangoja waondoke. Nikikunja karatasi hii nakwenda kukaa mbele yake, na wao wasikie.

Kwaheri, Kaka yangu. Jumapili mtazame Mama njiani akija. Akija peke yake, bila mimi, usihangaike. Ujue nimeshasema.

Mdogo wako,
Feli