Kikombe cha Jumapili na Kirusi Changu

Jumatano, Julai. Dodoma.

Leo upepo umevuma tangu asubuhi, ule wa vumbi na baridi unaokausha midomo. Wabunge bado wamejaa mjini na ofisini kazi ni nyingi, lakini niliomba ruhusa nikaenda kliniki. Nimerudi na hasira, ila ni hasira nzuri, ya kumnyanyua mtu kitini.

Wiki kadhaa zilizopita walinipima mlango wa kizazi kwa kupaka siki. Wakaona mabadiliko. Nesi alisema si saratani, ila yanaletwa na kirusi kiitwacho HPV, na nikiyaacha yanaweza kuja kuwa saratani. Akanipa siku ya kurudi kutibiwa.

Sikurudi.

Nilikwenda intaneti kafe, nikasoma kwamba mwanamke mwenye kirusi hiki huku chini ana uwezekano mkubwa zaidi wa kukutwa nacho mdomoni kuliko asiye nacho. Nilisoma hapo tu, nikafunga. Nikajiona mchafu juu na chini. Nitibu wapi, niache wapi?

Jumapili ikafika. Kanisani kwetu divai tunainywa kwenye kikombe kimoja, na wanaopiga magoti karibu yangu ni bibi wazee. Niwaambukize wale? Nikabaki nimekaa. Jumapili iliyofuata, hivyo hivyo.

Sasa kwetu mtu asiyekwenda kushiriki, watu wanajua moja tu: ametengwa kwa dhambi. Mimi ni mjane. Hawakuchukua muda kunizulia mwanamume. Hata mama, ninayeishi naye, akaanza kuniangalia tumbo.

Hilo la tumbo ndilo lililonirudisha kliniki leo.

Nesi hakunicheka. Alisema nilichosoma ni kweli, ila nimesoma nusu. Wengi wenye kirusi huku chini hawakutwi nacho mdomoni, na wanaokutwa nacho, mara nyingi mwili hukiondoa wenyewe. Wakati mwingine hata aina si ileile juu na chini. Kinaambukizwa zaidi kwa kujamiiana, hata kwa njia ya mdomo, na kikombe hakijulikani kukieneza. Cha kutibiwa ni pale walipoona mabadiliko, na ndipo hapo nilipokuwa napakimbia. Akaniambia nirudi kesho nitibiwe.

Niliona aibu, kisha nikachukia. Nimejitenga mwenyewe, wala hakuna mchungaji aliyenitenga!

Jioni, tukichambua mlenda, nilimwambia mama yote. Sikuficha jina la ugonjwa wala mahali ulipo. Mama ni mtu wa zamani, wa kijijini Mlali, na mambo ya huko chini kwake hayatajwi hata kwa kunong'ona. Nilijua atanifokea.

Mikono yake iliendelea na majani.

"Hicho kipimo cha siki kinauma?"

Nikasema hakiumi sana.

"Basi kesho tunakwenda wote. Miaka yote hii, mwanangu, hakuna aliyewahi kunitazama."

Nimelia kidogo jikoni. Nilidhani napigania jina langu tu, kumbe kuna mtu mwingine humu ndani alikuwa anaogopa kimya kimya, muda mrefu kuliko mimi.

Jumapili nitapiga magoti na kunywa. Lakini kwanza kesho asubuhi, mimi na mama, kwenye foleni ya kliniki, mchana kweupe. Atakayetuona, na atuone.