Silinda Aliyoisugua Bibi

Kaka Salumu,

Sina anwani yako, kwa hiyo barua hii naiacha wazi. Aisome yeyote, na kama yupo anayekufahamu, akwambie kwamba nyumbani hatujahama. Tuko chumba kilekile cha mwisho, upande wa uani, na pikipiki ya marehemu baba imesimama palepale chini ya dirisha, imefunikwa gunia. Bibi hawezi kuisoma barua hii. Yeye anasoma herufi za msahafu tu, hizi za shule hazijui, na ndiyo maana nathubutu kuandika yote.

Leo nimejaribu kuiwasha pikipiki. Nitakueleza, lakini kwanza nataka nikukumbushe tulikotoka, maana siku hizi sina wa kukumbuka naye.

Unaikumbuka siku uliyoifungua injini? Baba alikuwa amefariki zamani kidogo na pikipiki imekaa hadi kuku wa jirani wakaizoea, wanalala juu ya tangi. Ulitandika kanga kuukuu ya Bibi uani, ukapanga juu yake kila nati na kila boliti kwa mstari, nami nikakatazwa kupiga chafya. Uliniambia injini hii ni rahisi kuielewa kwa sababu ina silinda moja. "Haina mwenzake wa kumsaidia," ulisema. "Ikichoka, imechoka." Ukaniita Spana Kumi. Nilipouliza kwa nini, ukasema, "Kwa sababu ni ndogo, inatakiwa kila saa, na ikitakiwa haionekani." Nilinuna mpaka jioni. Sasa hivi ningetoa kitu chochote nisikie mtu akiniita hivyo.

Hatukuwa tunacheza. Wakati ule mjini walikuwa wanakusanya watu wasio na kazi na kuwapeleka mashambani. Wewe ulikuwa unafanya kazi kutwa nzima, mikono haitakati hata kwa majivu, lakini kazi ya uani haina kitambulisho. Mangi wa tanuri la mikate ndiye aliyekupa ahadi. Nilikuwepo, nimesimama nyuma yako. "Kijana, maneno sitaki," alisema, mikono imejaa unga. "Pikipiki ikinguruma hapa mlangoni kwangu, siku hiyohiyo nakuandika kazini. Utanipelekea mikate Ilala mpaka Buguruni, na kitambulisho utapata." Ulirudi nyumbani unakimbia kama mtu aliyeshinda mpira.

Tatizo lilikuwa pistoni. Ya baba ilikuwa imeliwa upande mmoja. Madukani tulizunguka Kariakoo yote, wenye maduka wakawa wanatikisa kichwa kabla hatujafungua mdomo. Mwisho ukapata kule Gerezani pistoni ya mashine ya kuvutia maji, nzima lakini nene kuliko silinda yetu, na ndefu pia. Mtu mwingine angeirudisha. Wewe ulikaa nayo kizingitini unaigeuzageuza, halafu ukasema kama pistoni haiingii kwenye silinda, basi silinda itaifuata pistoni. Fundi Mrisho, mchonga vyuma, akakubali kuitanua silinda. Ule urefu ulitaka kitu cha kuweka chini ya silinda ili inyanyuke kidogo, pistoni isigonge juu. Ukakitafuta uani, ukakiona jikoni kwa Bibi.

"Mume wangu!" Bibi alipiga kelele. Hajawahi kukuita jina lako, kwake wewe ni mume na mimi mke mwenza. "Mfuniko wangu wa pilau! Sasa wali nitaufunika na nini?"

"Funika na sinia, mke wangu. Mfuniko wako umepata kazi ya mikate."

"Umepata kazi kabla yako wewe! Haya, ukate. Lakini mkate wa kwanza ni wangu, na nitapakiwa nyuma."

"Utakaa upande, kama bibi harusi."

"Na huyu mke mwenza?"

"Huyu atasukuma."

Tulicheka sana siku ile. Uliukata mfuniko kwa mkasi wa bati, ukausawazisha kwa tupa mpaka ukalala barabara. Nilikuwa nashika upande mmoja, chembe za alumini zinanimwagikia magotini.

Halafu silinda ikarudi kutoka kwa Fundi Mrisho. Ulinishika mkono ukaniambia niingize kidole ndani. Nilihisi mikwaruzo myembamba sana inayopishana, kama ukili wa mkeka. "Hii ndiyo inayoshika oili," ulisema. "Hapa hapaguswi na kitu ila kitambaa laini." Ukaipaka oili nyingi, nyeusi, ukaiweka juu ya kinu kilichofudikizwa. Asubuhi yake ukaenda kupanga foleni ya petroli, nami nikaenda shule. Haikuja akilini mwako wala mwangu kumwambia Bibi. Nani anamwambia bibi yake habari za silinda?

Nilipotoka shule nilikukuta umesimama uani na kopo la petroli mkononi, hujalitua. Silinda ilikuwa inang'aa ndani na nje, kama sufuria za siku ya kuamkia Idi. Kando yake kulikuwa na kipande cha kumbi la nazi, majivu, na mchanga uliolowa.

"Nimekuoshea," Bibi alisema. Alikuwa amekaa kwenye kibao chake cha mbuzi, anapumua kwa nguvu. "Lilikuwa na mafuta meusi, limejaa masizi, aibu mume wangu kwenda nalo kazini kwa watu. Nimelisugua mpaka mkono umekufa ganzi. Ndani kulikuwa na vimichirizi, navyo nimevitoa."

Uliweka kopo chini. Uliingiza kidole ndani ya silinda ukakizungusha taratibu, duara nzima. Nilikuwa nauangalia uso wako. Kisha ukamwendea Bibi, ukambusu ule mkono uliokufa ganzi.

"Ahsante mke wangu," ulimwambia. "Imetakata."

Mimi ulinivuta nyuma ya mlango. "Asijue," ulisema. "Hata siku moja asijue." Sijapata kuwaona watu wengi wenye akili, kaka, nimeishi Kariakoo tu, lakini siku ile niliona moyo wa mtu, na nikataka kuwa na moyo wa namna hiyo.

Fundi Mrisho angeweza kuitanua tena, lakini pistoni nyingine ya kulingana nayo haikuwepo, na Mangi alishaanza kuzungumza na kijana mwingine mwenye baiskeli. Basi tukaifunga injini hivyohivyo. Ulipoipiga teke mara ya kwanza iliwaka, na Bibi akapiga kigelegele. Moshi wa buluu ukajaa uani, na mama wa chumba cha mbele akatoka mbio kuanua nguo zake. "Salumu! Unapika lami humo?" Ulicheka pamoja naye. Mimi nilijua unacheka kwa ajili ya Bibi.

Ikawa hivi: ikiwa baridi inawaka, ikipata joto nguvu inaisha. Ulisema pengine joto halitafika kabla ya mlango wa Mangi, si mbali. Jumatatu asubuhi nilikaa nyuma yako, wiki hiyo shule nilikuwa naingia mchana. Tulifika Msimbazi injini ikaanza kukohoa, ikazima. Tukashuka. Wewe ukashika usukani, mimi nikasukuma nyuma, kama ulivyosema. Tulikuwa tunaanza kuliona paa la tanuri, mgambo wawili wakatukatiza njia.

"Ndugu, simama. Kitambulisho cha kazi."

"Ndiyo nakwenda kukichukua, ndugu. Pale, kwa Mangi wa mikate."

"Wote asubuhi hii wanakwenda kukichukua." Yule mwenzake akacheka. "Pikipiki yenyewe inasukumwa, hiyo kazi utaifanyaje?"

Ulijaribu kuwaeleza habari za pistoni. Nami nilisema, shikamoo mjomba, huyu ni kaka yangu, ana kazi. Akaniitikia marahaba vizuri kabisa, halafu akakusogeza kwenye lori lao lililosimama kando. Watu walikuwa wamejaa nyuma, wamesimama. Lori lilipoanza kuondoka niliona mkono wako juu ya vichwa vya watu, nikadhani utanituma kwa Mangi, au utaniambia nimtunze Bibi.

"Spana Kumi!" ulipiga kelele. "Funga bomba la petroli! Usiache linavuja!"

Hilo ndilo neno la mwisho nililo nalo. Nililifunga bomba, nikaisukuma pikipiki peke yangu mpaka nyumbani.

Wengi wamesharudi, kaka. Kila ninapopita Mchikichini naona mtu aliyepelekwa na sasa yupo, anauza kitu. Mmoja wa Buguruni, aliyekuwa nawe kwenye lori, alikuja mpaka uani. Bibi alimpa maji na kiti. Alisema ulishikwa na homa huko kwenye mashamba ya mkonge, wakakuchukua kukupeleka hospitali. "Baada ya hapo sikumwona, binti. Nisiseme uongo." Tuliandika barua kule, hatukujibiwa. Nimeacha kukimbilia mlangoni mtu akipiga hodi. Zamani nilikuwa naomba urudi kesho. Siku hizi naomba tu nijue.

Shuleni tumefika kwenye somo la mgandamizo wa gesi. Mwalimu alichora pistoni ubaoni, darasa zima likapiga miayo, mimi nikashika penseli kwa nguvu. Nikaelewa sasa mchanga wa Bibi ulifanya nini. Hewa haibanwi, inapita pembeni. Mwalimu aliuliza kama kuna swali. Nilikuwa nalo, lakini halikuwa la fizikia.

Kila Ijumaa natoa plagi, natia kijiko cha oili ndani ya silinda, nazungusha taratibu isigande. Juzi nilikwenda kwa Mangi kuuliza kama nafasi yako bado ipo. "Ilishachukuliwa, mwanangu. Nikikwambia ipo nitakuwa nakudanganya." Halafu akaingia ndani, akatoka na petroli kwenye chupa ya soda, akanipa bila kusema ya nini.

Leo mchana nikaitia. Nilijua ile oili ya kijiko itaziba kidogo pembeni ya pistoni, kwa muda mfupi tu. Nilipiga teke mpaka goti likauma, sikupata kitu. Nikapumzika. Nikapiga tena, ikawaka! Kaka, ilinguruma. Moshi uleule, kishindo kilekile, mpaka dirisha likatetemeka.

Bibi alitoka chumbani mbio, kichwa wazi, kanga inaburuta chini. Sijamwona akikimbia tangu nizaliwe.

"Kaja? Mume wangu kaja?"

Akatazama kiti cha pikipiki, akatazama mlango wa uani, akanitazama mimi. Injini ikakohoa, ikazima.

"Ni mimi, Bibi," nilisema. "Nilikuwa najaribu."

Alisimama pale mpaka moshi ukaisha. Kisha akaokota kanga yake, akajifunika kichwa, akaja akaiwekea silinda kiganja, japokuwa ilikuwa na joto.

"Umesikia ilivyolia?" aliniambia. "Ni kwa sababu niliisugua."

"Ndiyo, Bibi. Ni kwa sababu uliisugua."

Nimetimiza ulichonituma, kaka, na nitaendelea kukitimiza. Fundi Mrisho ameipima silinda, anasema chuma bado kipo, inaweza kutanuliwa mara moja tena, ya mwisho, kama itapatikana pistoni nene zaidi. Haipo. Siku za Jumamosi napita Gerezani kuangalia kwenye marundo ya vyuma chakavu. Mafundi wamenizoea, wananiuliza kama mchumba wangu ni pistoni.

Sikuagi, maana wewe hukuniaga. Bibi amelala kidogo sasa, na mkono wake nimeupaka mafuta ya nazi kwa ajili ya lile joto. Pikipiki nimeifunika gunia. Bomba la petroli nimelifunga. Kama upo popote, uje ulifungue mwenyewe.

Mdogo wako wa kike,
Spana Kumi