Viti vya Rangi ya Udongo wa Kola

Mwende mjukuu wangu,

Huku Kola tu wazima, mvua imeanza na babu yako anapanda mahindi. Mimi dada yake mdogo nafurahi ukiniita nyanya, ingawa sina mvi hata moja.

Unauliza kwa nini lile gari kubwa la kifahari la babu yako ni la kijani nje na la rangi ya udongo mwekundu ndani. Alilinunua likiwa kuukuu ili ampeleke mama yetu kanisani, na alitaka viti vyeupe. Fundi alipoleta vipande vya ngozi nyumbani, mama aligusa kile cheupe, kisha akatazama viatu vyake vyenye udongo wa shamba.

"Nitaenda, lakini miguu nitaiacha hapa."

"Mwaitu, mama yetu, ingia hata na jembe," kaka akamwambia.

"Jembe halioni haya. Mimi naona."

Kaka alicheka, halafu akainama. Akabandua udongo mkavu kwenye kiatu cha mama, akampa fundi. "Tafuta ngozi ya rangi hii."

Jumapili ya kwanza baada ya viti kuwa tayari, mama aliingia garini bila kupangusa viatu, akaketi kama yuko jikoni kwake. Nilikuwa kando yake, nikamshukuru Mungu kwa kunipa kaka huyu.

Anayekupenda,
Nyanya Mumbua