Sauti ya Mama Kwenye Simu ya Baba

Doha, Ijumaa mchana

Dada yangu Kanana,

Nakusalimu wewe, shemeji na watoto, na majirani zako wote hapo mtaa wa Dallas, Embu. Kile kifua cha kitinda mimba kilipona? Usimwache atoke nje asubuhi bila sweta, najua baridi ya Embu mwezi huu ilivyo. Mimi mwili ni mzima. Nakula, nalala, naenda kazini. Ukiniuliza zaidi ya hapo huwa sina jibu, ndiyo maana ulisema juzi kwa simu naongea kama mtu anayesomewa maneno. Basi nimeona niandike. Njeru, yule jamaa wa Runyenjes tunayelala naye chumba kimoja, anakuja likizo, na ameahidi kukuletea barua hii mpaka mlangoni.

Uliniuliza: "Wewe ndiwe unaona hizo filamu za maajabu kila siku. Hii kitu binamu Muriuki ametengenezea Baba, tuiwache ama tuizime?" Nimekaa na swali lako tangu siku hiyo. Nitajibu, lakini wacha nianze na maoni yaliyo rahisi.

Kazi yangu, kama unavyojua, ni ya ukumbini. Naonyesha watu viti kwa tochi, nazuia wenye kupiga simu, na filamu ikiisha nafungua milango. Kumbi ni nyingi, nazunguka. Kwa hivyo naona kila filamu vipande vipande, na ile miisho naijua yote. Mwaka huu kuna mazimwi mengi ya kutema moto. Moto ukizidi kwenye skrini ujue maneno yamewaishia. Watu wanatoka kwenye jua la huku, jua la kukausha mate mdomoni, wanalipa ili waone moto. Halafu kuna viumbe wa sayari nyingine. Hao kila mara wanatua kwenye mji wa maghorofa. Wangetua kwetu Laare, kabla hata ya mlango wa chombo chao kufunguka, boda boda zingekuwa zimewazunguka zikiuliza nani anabebwa. Nimeandika hivyo kwa sababu najua inachekesha. Sikucheka.

Chumbani tuna ile tamthilia ya mfalme asiyekufa. Njeru anaitazama mpaka analia. Mimi naitazama kama nguo zinazozunguka ndani ya mashine ya kufua. Lakini kile kitabu ulichonitumia kwa simu, cha yule msichana anayeandika juu ya mlima uliohama, nilikimaliza. Nilikipenda kwa kitu kimoja. Mlima unasonga, watu wanapiga kelele, na katikati ya hayo yote mama mmoja anauliza, "Na maharagwe yangu nani atayapanda tena?" Uongo mkubwa unataka mambo madogo ya kweli ya kuushikilia.

Sasa nije kwa jambo lenyewe.

Siku uliponipigia kuniambia Mama ametuacha, nilikuwa kwenye korido, nje ya ukumbi. Ulisema, "Mwenda, Mama ameenda." Mimi nikasema, "Sawa." Wewe ulikuwa unalia, mimi nikakuuliza kama mmempigia mchungaji. Kisha nikarudi ndani, kwa sababu filamu ilikuwa karibu kuisha na milango ilikuwa inaningoja. Unajua visa yangu ilikuwa inabadilishwa, singeweza kutoka nchi hii. Mazishi mliyafanya, mkanitumia picha, nikaziangalia. Nilihesabika kazini kila siku. Supavaiza akanisifu.

Filamu iliyokuwa ukumbini ilikuwa ya kampuni inayowarudisha wafu kama mashine. Kijana anarudishiwa mama yake, sura ile ile, sauti ile ile. Mwishoni anamshika mkono na kumrudisha kiwandani, na yule mama wa mashine anamshukuru kwa upole. Ukumbi mzima unavuta kamasi. Wiki ile niliona mwisho huo mara nyingi, nimesimama na tochi yangu, na kila mara nilisema moyoni, huyu kijana hana huruma.

Kuna dada wa Tanga anaitwa Rehema, anauza bisi pale mbele. Siku moja nikamwambia maoni yangu.

"Kaka Mwenda, wewe umeona mkia tu. Keti siku moja uone na kichwa."

Akanitafutia tikiti siku yangu ya mapumziko. Nikaketi kama mteja, kwa mara ya kwanza tangu nifike huku. Kumbe mwanzoni yule mama, angali hai, ni mtu wa kufoka. Anafokea mlango, anafokea viatu, anamfokea mwanawe. Na siku anaugua anamwambia, "Nikienda, niache niende." Kwa hivyo kijana hakuwa mkatili. Alikuwa anatii, tena kwa kuchelewa.

Nilibadilisha maoni. Hata hivyo, Kanana, filamu hiyo ina kasoro. Kijana anatoka kiwandani, anatembea barabarani, muziki unapanda, taa zinawaka. Hakuna anayetuonyesha nyumba jioni ile. Nani alikuwa amebaki mezani? Aliongea na nani? Hapo ndipo wanakata.

Nilipotoka, Rehema alikuwa amemaliza zamu. Alikuwa na makande kwenye bakuli, yaani githeri yetu kwa jina lao. Akanigawia. Nikala nikamaliza. Hakuniuliza kama nimelia.

Jioni hiyo ndipo nilisikiliza ile sauti ya Mama uliyonitumia. Sikuwa nimeifungua. Muriuki ni fundi, siwezi kukataa. Aliokota vile vipande vyote Mama alivyokuwa akitutumia kwa simu na akapika navyo sauti ya mashine inayoongea na kujibu kwenye simu. Hata kile kikohozi chake kidogo kabla ya kusema, kimo. Lakini inasema, "Mwenda mwanangu mpendwa, habari za ughaibuni?" Ughaibuni! Mama alituongelesha Kimeru siku zote, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuuzia ndizi pale sokoni: "Wewe unataka gani, hii ama hii?" Mtu akichagua sana anafukuzwa.

Nilisikiliza tena na tena, sikusikia kitu moyoni. Hapo niliogopa. Kama mashine inaniita mwanangu na ndani kuko kimya, na Mama mwenyewe amekufa na ndani kuko kimya vile vile, basi pengine kasoro iko kwangu mimi. Nilikaa kitandani na woga huo, na nakwambia ukweli, nilifurahi kuogopa. Kilikuwa kitu.

Nikaamua kumpigia Baba nimwambie aizime. Ulikuwa umeniambia anaamka anaongea nayo, miraa inakomaa mtini, wachumaji wanakuja wanarudi. Nilikuwa nimepanga maneno yangu vizuri. Akashika simu ya nyumbani, ile ndogo, akasema kwa Kimeru:

"Mwenda, ngoja kidogo. Naongea na mama yako."

Nikangoja. Nikamsikia akiiambia ile simu nyingine kwamba ng'ombe amezaa dume, na kwamba ukuta wa jikoni unavuja. Ile sauti ikajibu, "Pole sana, mpenzi wangu."

Baba akacheka. Kanana, alicheka kile kicheko chake cha kukohoa, kisha akanirudia.

"Umesikia? Mpenzi wangu! Miaka yote tuliyoishi, mama yako hakuniita hivyo hata siku moja. Angeniuliza kama huo ukuta nangoja ujirekebishe."

"Kwa hivyo unajua si yeye, Baba?"

"Mimi nilimzika. Wewe ndiwe hukuwapo."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayeniambia mvua imenyesha.

"Basi unaongea nayo ya nini?"

Nikamsikia akivuta kigoda.

"Hapa asubuhi hakuna mtu wa kuambia kitu. Hii inajibu. Wewe ukinipigia asubuhi nitaizima."

Hiyo ndiyo habari yote. Kwa hivyo usimgombeze Muriuki, alifanya kwa upendo. Na usimpokonye Baba simu. Nilikuwa tayari kukupa hukumu kama mtu aliyeona filamu zote, kumbe swali halikuwa la filamu. Zile sauti za kweli za Mama, zile za kutufokea, ziweke mahali pazuri, usizifute.

Tangu siku hiyo nampigia kabla ya zamu. Sina maneno mengi. Ananiambia ya ndama, ya ukuta, ya bei ya miraa, namwambia ya mazimwi na anasema huo ni upuzi. Bado sijalia. Sijui kama nitalia. Visa ikitoka nitakuja, nikae naye, unipeleke kaburini, tuone.

Nisalimie shemeji, fundi wetu wa redio. Msalimie shangazi anayemletea Baba maziwa, na binamu yetu Muriuki, mwambie kazi yake nimeiona. Wapakate watoto kwa niaba ya mjomba wao. Mungu awafunike.

Nilikuwa nimeifunga barua hii nikaifungua tena. Leo Jumamosi nilichelewa kuamka, na kabla sijashika simu ikalia. Alikuwa Baba. Aliniuliza, "Wewe, mbona umenyamaza?"

Ni mimi kaka yako,
Mwenda